WARANTI YA KUUZIWA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, nayo imepigwa chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile



Mkutano uliopita uliuliza swali, na sisi watatu wa halmashauri tukaagizwa kulitafutia jibu. Swali lilikuwa hili: mfanya kazi akinunua motokaa, akauziwa pamoja nayo waranti ya nyongeza, kisha gari likaharibika na wenye waranti wakakataa kulipa, je, mtu huyo amedanganywa, au ni yeye aliyekosa kusoma? Wengi walisema amedanganywa. Wengine walicheka wakasema mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tumekwenda, tumesoma karatasi, tumewauliza mafundi, tumefika benki, na tumemwona mtu ajuaye sheria. Jibu letu ni kwamba mtu aweza kusoma kila neno aliloonyeshwa na bado akadanganywa, kwa maana karatasi yenyewe haikuwekwa mezani mpaka sahihi yake ilipokwisha kukauka.

Kwanza neno lenyewe. Sisi watu wa reli tukisikia waranti, tangu zamani twafikiri ile karatasi ya kusafiria ambayo mtumishi aliionyesha dirishani akapewa tikiti bila kutoa senti. Na tukisikia dhamana, kila mtu aijua ni ile ya kumtoa ndugu yako mikononi mwa polisi. Basi maneno haya mawili yana sura nzuri mbele ya mfanya kazi: moja ni safari ya bure, la pili ni mlango wa kutokea. Si ajabu mwuzaji wa motokaa ayapende.

Lakini viko vitu viwili hapa, na mwuzaji huvichanganya. Cha kwanza ni ahadi ya kiwanda. Motokaa mpya huja na ahadi kwamba kwa miaka kadhaa au kilomita kadhaa, lo lote litakalotangulia, kitu kikiharibika kwa kosa la utengenezaji, kiwanda kitakitengeneza. Ahadi hiyo imo ndani ya bei. Cha pili ni mkataba unaouziwa kwa fedha nyingine, mara nyingi na kampuni nyingine ambayo haikutengeneza hata parafujo moja ya gari lile. Mkataba huo hulipa matengenezo yaliyoandikwa tu, kwa masharti yaliyoandikwa tu. Huko Marekani sheria yao ya mwaka 1975 hutenganisha vitu hivi kwa majina: kile kilicho ndani ya bei ndicho waranti, na kile cha kununua huitwa mkataba wa huduma. Hata hivyo wauzaji wa huko wameendelea kukiita waranti, kwa kuwa jina la mkataba wa huduma halimvuti mtu kutoa pochi.

Sasa tuje kwa mwenzetu. Hatutamtaja jina, wala hatutaitaja yadi, kwa sababu mambo yao yamekwisha kwa maandishi. Yeye ni fundi wa karakana, mtu wa miaka 19 kazini, asiyekunywa wala kuchezea mshahara. Alinunua gari la viti 7 lililotumika Japan, lenye umri wa miaka 7, maana sheria yetu hairuhusu kuingiza lililozidi miaka 8. Bei walikubaliana. Mkopo wa benki ulikuwa umekubaliwa. Ndipo kijana wa mauzo akamwambia, “Mzee, bado kuna hii waranti ya miaka 2, shilingi 68,000, lakini usijali, tutaiweka ndani ya mkopo, hutaisikia.”

Ndugu, angalieni sana neno hilo, hutaisikia. Tulichukua kalamu tukapiga hesabu. Riba ya mkopo ule ilikuwa asilimia 14 kwa mwaka, juu ya salio, na muda wake miezi 36. Shilingi 68,000 kwa masharti hayo ni shilingi 2,324 kila mwezi, na mpaka mwisho ni shilingi 83,664. Basi bei ya waranti si 68,000. Tena waranti yenyewe ni ya miezi 24, na mkopo ni wa miezi 36. Maana yake miezi 12 ya mwisho, waranti imekwisha kufa na kuzikwa, mwenzetu angekuwa bado anailipia, shilingi 27,888 kwa karatasi isiyoweza kumsaidia kwa lo lote. Kijana wa mauzo hakusema uongo katika jambo hili. Alinyamaza tu.

Uongo aliusema mahali pengine, na tunamshukuru kwa kuwa aliuandika. Mwenzetu alipositasita akarudi nyumbani kufikiri, kijana alimpelekea ujumbe kwenye simu. Ujumbe ulisema mambo mawili: kwamba injini na giaboksi zote ziko ndani ya waranti, na kwamba benki haitatoa fedha pasipo waranti hiyo. Kesho yake mwenzetu akaenda akaweka sahihi. Nani kati yetu asingeweka? Fedha za rehani zimekwisha kulipwa, mke na watoto wamekwisha kuliona gari, na mtu aliyevaa tai anakuambia kwamba bila hili hakuna lile.

Sisi tulikwenda benki ile. Karani alitusikiliza kwa adabu, akasema bima ya motokaa ni lazima, lakini waranti ya nyongeza benki haiidai wala haina habari nayo. Maneno machache tu, na tuliyapata kwa dakika kumi za kusimama mstarini.

Karatasi za waranti zilimfikia mwenzetu wiki 3 baada ya kuchukua gari. Kurasa 11, Kiingereza cha mawakili, herufi kama sisimizi. Sisi tuliofundishwa na misheni mpaka mwisho wa shule ya msingi tulikaa nazo jioni tatu pamoja na kamusi, na hata kijana wetu mmoja aliyefika chuo alikuna kichwa katika ukurasa wa 6. Tutawaambieni yaliyomo, kwa sababu tumekuja kugundua kwamba karatasi za namna hii hufanana kama mabehewa ya aina moja.

Mwezi wa 5 giaboksi ilianza kuteleza. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi. Mwenzetu akapiga simu kwa wenye waranti. Wakamwambia asiguse kitu, alipeleke kwenye gereji waliyoichagua wao. Akalipa shilingi 6,500 za kuvutwa. Gereji ikamwambia giaboksi lazima ifunguliwe ndipo ijulikane, na gharama ya kuifungua, shilingi 14,000, ni juu yake mpaka kampuni itakapokubali. Akalipa. Siku 9 gari likakaa juu ya mawe. Kisha jibu likaja: haturidhii.

Sababu yao ilikuwa hii. Kuna mpira mdogo unaozuia mafuta yasitoke, mafundi huuita sili. Sili ilivuja, mafuta yakapungua, giaboksi ikaungua. Sasa ukurasa wa 3 unasema giaboksi imo. Ukurasa wa 7 unasema sili, gasketi na mipira yote haimo. Na ukurasa wa 8 unasema kitu kilichomo, kikiharibiwa na kitu kisichokuwamo, nacho hakilipwi. Mwaona mtego ulivyotegwa? Mkono mmoja umetoa, mkono wa pili umechukua, na kati ya mikono hiyo kuna kurasa nne ambazo mtu aliyechoka na kazi hazifikii.

Ndugu wakaguzi wa mabehewa watatuelewa upesi. Ekseli ikishika moto kwa kukosa mafuta, ni mkaguzi gani atakayeandika kitabuni kwamba ekseli ni nzima na tatizo ni la mafuta peke yake? Mafuta na ekseli ni jambo moja. Behewa halikimbii juu ya kipande cha karatasi. Na giaboksi haifi kwa ugonjwa wa ghafula tu kama mtu aliyeumwa na nyoka. Hufa kwa vitu vidogo vinavyoizunguka. Ukiwa umetoa sili, gasketi, mipira, nyaya, na kila kilichochakaa kwa kutumika, umebakiwa na chuma kitupu, na chuma kitupu ni nadra kuharibika.

Neno hilo la kuchakaa nalo lina ujanja wake. Viatu vya breki vimetengenezwa ili vichakae, hakuna ubishi, hata sisi hatungemdai mtu viatu vya breki. Lakini kwa gari la miaka 7, kitu gani hakijachakaa? Kampuni ikitaka kukataa, neno moja hilo latosha.

Yalikuwamo na mengine. Kila kilomita 5,000 gari lifanyiwe sevisi katika gereji zao, na risiti ziwekwe. Risiti moja ikikosekana, mkataba umevunjika. Gari likibeba abiria wa kulipa hata siku moja, mkataba umevunjika. Mwenzetu hakubeba, lakini tukisema kweli, wangapi hapa wananunua viti 7 pasipo kuwaza abiria wa Jumapili? Na jambo lililotukasirisha kuliko yote ni kikomo. Kampuni hailipi zaidi ya shilingi 60,000 kwa tatizo moja. Matengenezo ya giaboksi ile yaligharimu shilingi 135,000. Maana yake hata kama wangesema ndiyo, wangelipa chini ya nusu. Na ujumbe wa simu ulisema “zote ziko ndani.”

Msidhani haya huwapata watu waliojifunza Kiingereza ubaoni tu. Marekani, ambako hicho ndicho lugha ya nyumbani na karibu kila nyumba ina motokaa, wamechezewa kuliko sisi. Huko watu walikuwa wakipigiwa simu na mashine, sauti ikiwaambia kwamba waranti ya gari lao inakaribia kwisha, hata kama hawana gari. Tume ya Mawasiliano ya serikali yao iligundua kundi moja lililopiga simu zaidi ya bilioni 5 katika miezi 3 ya mwaka 2021, kwa nambari zaidi ya milioni 500. Mwezi wa Agosti 2023 tume ikawatoza faini ya karibu dola milioni 300, kubwa kuliko zote ilizokuwa imewahi kutoza. Kutoza faini ni jambo moja na kuipokea mkononi ni jambo jingine, lakini mwaona ukubwa wa biashara yenyewe. Mtu hapigi simu bilioni 5 kwa kitu kisicholeta fedha.

Na si wapiga simu wa mafichoni peke yao. Mwezi wa Julai 2024 kampuni iitwayo CarShield, inayotangaza kwenye televisheni kwa vinywa vya watu mashuhuri, ilikubali pamoja na mwenzake kulipa dola milioni 10 ili kumaliza mashtaka ya Tume ya Biashara ya serikali. Tume ilidai kwamba matangazo yaliwafanya watu waamini matengenezo yatalipwa, kwamba watapeleka gari kwa fundi wo wote wampendaye, na kwamba watapewa gari jingine bure la kutumia wakati lao limelala gereji. Kumbe wengi walipofika huko walikuta sivyo. Wanunuzi walikuwa wakitoa kama dola 80 mpaka 120 kila mwezi. Mbele ya hapo ilikuwapo US Fidelis, ya jimbo la Missouri, iliyofilisika mwaka 2010, na ndugu wawili waliokuwa wenyewe walikiri makosa mahakamani mwaka 2012. Hili la kufilisika tulifikirie sana. Waranti ya miaka 2 ni ahadi ya miaka 2. Kama aliyeahidi atafunga ofisi mwakani, umenunua nini? Ndiyo sababu, kabla ya kuuliza waranti inalipa nini, yafaa kuuliza ni nani atakayelipa, ofisi yake iko wapi, na kama kuna kampuni ya bima iliyosimama nyuma yake. Kama ipo, jina lake litakuwa katika orodha ya Halmashauri ya Kusimamia Bima, na orodha hiyo si siri.

Mtatuuliza kwa nini kijana wa mauzo asukume karatasi hii kwa nguvu kuliko gari lenyewe. Kwa sababu ana fungu lake ndani yake. Bei ya gari mtu huiuliza yadi hata tano kabla ya kununua, kwa hiyo faida yake hubanwa. Bei ya waranti hakuna anayeiuliza mahali pengine. Huletwa mwishoni, mnunuzi amechoka na amekwisha kuona gari ni lake. Waingereza walilichunguza jambo hili kwa upande wa friji, televisheni na vyombo vya umeme, na tangu mwaka 2005 amri yao humlazimisha mwenye duka kuonyesha bei ya waranti pale pale penye bei ya chombo, na kumpa mnunuzi siku 45 za kubadili nia na kurudishiwa fedha zote. Amri hiyo haikugusa motokaa. Lakini wazo lake ni zuri: bei itajwe mwanzo, si mwisho.

Hapa kwetu hatuko mikono mitupu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi kile alichonunua, na haki ya kulipwa kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Iko na Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012, inayokataza kumwambia mnunuzi uongo ili anunue. Na kwa mtu wa mshahara wetu iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na kwa sheria yapaswa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Wengi mliposikia neno mahakama mliinamisha vichwa mkihesabu ada za mawakili, basi inueni.

Tuliandika barua moja, ukurasa mmoja, kwa mwenye yadi. Hatukutukana. Tulinakili ujumbe wa kijana wake neno kwa neno, pamoja na tarehe na saa. Tukaweka mbele yake ukurasa wa 7 na wa 8. Tukamweleza jibu la benki. Tukadai shilingi 68,000 zote na gharama za giaboksi, tukasema asipojibu kwa siku 14 tutakwenda Madai Madogo. Siku ya 11 alipiga simu. Kwanza alitaka kurudisha shilingi 46,000, akisema ukurasa wa 9 unamruhusu mnunuzi kuvunja mkataba na kurudishiwa miezi iliyobaki, kutoa shilingi 5,000 za karani. Hesabu yake ilikuwa sawa, miezi 18 katika 24. Nasi tulistaajabu kwamba kifungu hicho kilikuwamo siku zote na hakuna aliyemwambia mwenzetu. Lakini tulikataa, kwa sababu kuvunja mkataba uliokubali ni jambo moja, na kurudishiwa fedha ulizotolewa kwa uongo ni jingine. Ule uongo wa benki ndio uliombana. Mwisho alirudisha 68,000 zote, nazo zikapelekwa kupunguza mkopo.

Giaboksi hakuilipa. Gharama za gereji, za kuvuta gari, na riba ya miezi ile 6 zimebaki shingoni mwa mwenzetu, naye amekopa chama cha akiba na mikopo kuzilipa. Wako waliosema tungalikwenda mahakamani tukadai yote. Labda. Lakini mwenye gari ni yeye, na alikuwa amepoteza siku za kazi za kutosha, akasema imetosha.

Hatusemi kila mkataba wa namna hii ni wizi. Kwa gari jipya, kutoka kwa kiwanda chenyewe, karatasi ikiwa fupi na kikomo kikiwa kikubwa, mtu aweza kununua na akalala usingizi. Sisi kwa gari la miaka 7 tusingenunua. Zile shilingi 2,324 za kila mwezi mtu akiziweka katika chama cha akiba kwa miezi 36, anazo shilingi 83,664 zake mwenyewe, na sili ikivuja haulizwi ukurasa.

Mtu akitaka kununua hata hivyo, aombe karatasi nzima kabla ya sahihi, aende nayo nyumbani walau siku moja. Yadi inayokataa kukupa karatasi uende nayo imekwisha kukujibu. Aanze kusoma penye orodha ya yasiyolipwa, ndipo arudi kwenye yanayolipwa, kwa maana orodha ya kwanza ndiyo huitafuna ya pili. Aulize kikomo, aulize ni nani anayelipa gharama ya kufungua, aulize siku za kuvunja mkataba. Na kila ahadi ya mdomo aiombe kwa maandishi, hata kwa simu. Ujumbe usifutwe. Wengi wetu tuna tabia ya kufuta ili kupata nafasi ya picha na nyimbo. Tungefuta ule, leo tusingekuwa na la kusema.

Halmashauri imekubali kwamba mwanachama ye yote mwenye karatasi ya waranti, ya motokaa, pikipiki au friji, ailete kwa katibu Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi. Lete nakala, ile asili ibaki nyumbani. Aliyekwisha kukataliwa alete pia barua ya kukataliwa na risiti za gereji. Tutasoma kwa zamu, wawili wawili, na kijana wa chuo ameahidi kuja na kamusi kubwa kuliko yetu.